Nguo za kazi zenye dawa ya wadudu: maswali tunayoulizwa kila leo

Sisi ni washonaji wa sare za watu wa porini: askari wa wanyamapori, madereva wa watalii, wawindaji wenye leseni, warina asali, wapima ardhi na vibarua wa misitu. Mteja anayetupa kazi ngumu ni yule anayeingia dukani na kusema tu, "Nipe nguo ya dawa." Kabla hatujashika futi tunamuuliza: huko uendako unaumwa na nani? Kupe, mbu na mbung'o kila mmoja ana tabia zake, na nguo inayomwangusha mmoja huenda mwingine asiitambue kabisa. Majibu yaliyo hapa chini ndiyo yale yale tunayoyatoa mezani.

Nguo yenye dawa ni nguo gani hasa?

Ni shati, suruali au soksi za kawaida ambazo kitambaa chake kimenyweshwa dawa ya kuua wadudu, mara nyingi permethrini. Ziko za namna mbili. Za kwanza zimetiwa dawa kiwandani, ikagandishwa kwenye nyuzi; watengenezaji wengi huzitaja kuwa zinadumu hadi kufuliwa mara 70. Za pili ni nguo yako mwenyewe uliyoipulizia dawa ya asilimia 0.5 nyumbani. Hizo huhesabiwa wiki sita hivi, au kufuliwa mara sita, kisha unarudia.

Jeshi la Marekani limekuwa likitia dawa hii kwenye sare za askari wake tangu miaka ya 1990, kwa kiasi cha miligramu 0.125 kwa kila sentimita moja ya mraba. Kwa kipande cha mita moja ya mraba, hiyo ni gramu moja na robo tu. Ukiona muuzaji anajisifu kuwa nguo zake "zimelowa dawa", muogope.

Fundi, inafukuza wadudu au inawaua?

Inamdhuru mdudu anayeigusa. Haina harufu ya kumkimbiza akiwa mbali. Mwangalie kupe anayepanda mguu wa suruali iliyotiwa dawa: hatua za kwanza anakwenda vizuri tu, kisha anaanza kuinua miguu mmoja mmoja kana kwamba chini kunaunguza, anayumba, anaachia, anaanguka. Akiwa amekaa juu ya kitambaa muda wa kutosha, hainuki tena.

Kwa hiyo mkono ulioukunja shati hadi kiwikoni utaumwa kama kawaida, hata kama shati lenyewe limejaa dawa. Hili ndilo watu hawalitegemei, na ndilo linalowafanya warudi dukani wakilalamika.

Hii ni kemikali tu ya maabara, au ina asili yoyote?

Asili yake ni ua ambalo wengi wetu tunalijua. Pareto, ile ya mashamba ya Mafinga, Mbeya na kule Molo nchini Kenya, ina sumu inayowapooza wadudu haraka. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa zao hilo. Tatizo la pareto ni jua: dawa yake huharibika upesi ikianikwa, kwa hiyo haikufaa kwa nguo ya mtu anayeshinda nje. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, dawa iliyoigwa kutoka kwenye umbo la ile ya pareto lakini inayostahimili mwanga. Kwa hiyo ni ya maabara, ila kwa ukoo ni jirani yetu.

Kazi yangu iko kwenye mbung'o. Nguo ya dawa itanisaidia?

Hapa tutasema ukweli hata kama utatukosesha mauzo: usiitegemee. Dawa ya kwenye nguo na ile ya kupaka ngozi hazijathibitika kumzuia mbung'o, au ndorobo kama anavyoitwa kwa wengi wetu, kwa kiwango cha kujivunia. Mdudu huyu anatua kwa kasi, anachoma, anaondoka. Na akichoma, hatafuti ngozi iliyo wazi peke yake. Mrija wake unapita kwenye kitambaa chepesi, hasa kile kilichobana begani na pajani unapokuwa umekaa kwenye gari.

Kinachosaidia ni mambo mengine, na yote ni ya mshonaji na mvaaji kuliko ya muuza dawa.

La kwanza ni uzito wa kitambaa. Chukua kaki au drili iliyofumwa kwa karibu, ya uzito wa kati. Ukiinyoosha mbele ya dirisha usione mwanga ukipenya kwenye nyuzi. Shati la pamba nyepesi la mtalii ni zuri mjini, lakini ukivuka mto Ugalla nalo utajuta.

La pili ni upana. Nguo ikiwa huru, kati yake na ngozi kuna hewa, na mrija wa mbung'o unaishia humo. Ndiyo maana shati la kazi ya mbung'o tunalikata mabega mapana na mgongo tunauwekea mkunjo. Vijana hawalipendi. Wanataka suruali ya kubana, halafu wanashangaa mapaja yamejaa vivimbe.

La tatu ni rangi, na hili ni zito kiasi kwamba tumelitengea swali lake hapa chini.

La nne si la nguo: mbung'o hufuata kitu kikubwa kinachotembea, na gari linalokwenda polepole porini ni chambo. Kabla ya kupanda, kagua chini ya viti na nyuma ya turubai. Saa za mchana wa jua kali hupumzika vichakani, kwa hiyo huo si wakati wa kupita ukipangua majani kwa mabega.

Kama unafanya kazi Tabora, Katavi, Kigoma au Rukwa, halafu wiki moja hadi tatu baadaye ukapata homa, kichwa kuuma na kidonda kilichovimba pale ulipoumwa, nenda hospitali na useme wazi kwamba ulikuwa kwenye mbung'o. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, wa upande wetu wa Afrika hukimbia haraka kuliko ule wa magharibi, na mganga asipoambiwa atapima malaria na kuishia hapo.

Mbona ng'ombe wana dawa ya kufukuza mbung'o na sisi hatuna?

Swali zuri, na wafugaji ndio hutuuliza. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, waligundua kwamba mbung'o humkwepa kuro, wakachukua vitu vinavyotengeneza harufu ya mnyama huyo na kuvitia kwenye vichupa vinavyofungwa shingoni mwa ng'ombe. Kwa mifugo imefanya kazi. Kwa binadamu bado hatuna sare yenye harufu ya kuro ya kukuuzia, na sijui ni mke gani angeiruhusu ndani.

Rangi gani inafaa?

Kaki, udongo, kijivu cha mawe, kijani kilichofifia. Epuka bluu na nyeusi ukiwa kwenye mbung'o. Ukipita Serengeti au Tarangire utaona vipande vya kitambaa cha bluu na nyeusi vimetundikwa kwenye miti kando ya barabara. Hiyo ni mitego: rangi hizo zinamvuta mbung'o, naye akitua anakutana na dawa. Sasa fikiria fundi gari wa kambi ndani ya ovaroli lake la bluu. Amevaa mtego, ila usio na dawa. Kampuni za ulinzi nazo huvalisha walinzi bluu ya giza bila kuwaza wanapelekwa wapi. Tumeshawabadilishia wateja kadhaa rangi ya ovaroli kuwa kijivu, na mafundi wenyewe ndio waliokuja kushukuru.

Hata mbu huvutwa na rangi za giza, ingawa si kwa nguvu hiyo. Na kwa kupe, rangi ya mwanga ina faida nyingine: unamwona anapopanda.

Nimeona nguo za kuwindia za Marekani zenye dawa tayari, za mabakamabaka. Niagize?

Za mabakamabaka usiagize. Tanzania, Kenya na Uganda zote zinakataza raia kuvaa sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo. Agosti 2023 JWTZ, jeshi la Tanzania, ilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Mabaka ya mwindaji wa Marekani, yenye picha za majani na magome ya miti, wewe unaona ni ya kuwindia. Askari wa kizuizi cha barabarani hana wajibu wa kujua tofauti, na wewe huna haja ya kumfundisha ukiwa na bunduki garini.

Viwanda hivyo hivyo hutengeneza za kaki na za kijani cha kawaida. Agiza hizo. Na kwa Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, swali la mwindaji halipo, lakini la askari wa hifadhi na mfugaji lipo pale pale.

Na kupe?

Hapo sasa nguo ya dawa ndiyo mahali pake. Katika wadudu wote tunaowazungumzia, kupe ndiye anayeshindwa vizuri zaidi, kwa sababu haruki kama mbu: anasubiri kwenye ncha ya jani akiwa amenyoosha miguu ya mbele, anadaka suruali yako inapopita, kisha anapanda kwa miguu akitafuta pa kujishikiza. Safari yote hiyo anaipiga juu ya kitambaa chenye dawa.

Huko North Carolina, Marekani, wafanyakazi wa misitu, mbuga na wanyamapori walipewa sare zilizotiwa dawa kiwandani, wengine wakapewa sare zisizo na dawa, bila kuambiwa nani kavaa ipi. Mwaka wa kwanza kung'atwa na kupe kazini kulipungua kwa asilimia 80 na zaidi. Mwaka wa pili kinga ilishuka sana, sare zikiwa zimechoka. Mwajiri anayesema "niliwanunulia mwaka juzi" asome hapo mara mbili.

Namna ya kuvaa ni muhimu kama dawa. Suruali ichomekwe ndani ya soksi, shati lichomekwe ndani ya suruali. Unaonekana kama mtoto wa shule anayeogopa matope, lakini kupe analazimika kupanda kwa nje hadi kiunoni. Kama una dawa kidogo na nguo nyingi, anza na soksi, viatu vya turubai na miguu ya suruali hadi magotini. Kwenye majani mafupi ndiko wanakoanzia, hasa wale wadogo kama punje za mtama wanaojaa baada ya masika.

Jioni jikague: nyuma ya magoti, kinena, kwapani, chini ya mkanda, nyuma ya masikio. Ukimkuta amejishikiza, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja bila kuzungusha. Kumpaka mafuta ya taa au kumchoma na njiti ya kiberiti ni desturi mbaya, inamfanya atapike ndani ya jeraha. Ukiona kigaga cheusi pale alipokuuma, pamoja na homa na tezi kuvimba, siku kama tano hadi kumi baadaye, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe. Inatibika vizuri kwa dawa ya hospitali.

Papasi je? Kambi yetu ni ya nyumba za udongo.

Papasi hutoka kwenye nyufa usiku, ukiwa umevua sare. Shati la mchana halitakulinda. Inua kitanda kutoka ukutani, ziba nyufa za sakafu na kuta, tumia chandarua kilichochomekwa chini ya godoro.

Nguo hii itanizuia malaria?

Itapunguza kuumwa, haitatosha peke yake. Shirika la Afya Duniani halipendekezi nguo za dawa kama njia ya jamii nzima kupambana na malaria, ila linakubali kwamba zinaweza kumsaidia mtu mmoja mmoja aliye kwenye mazingira maalumu: askari, mkimbizi, mtu mwenye kazi inayomweka hatarini. Kwenye kambi ya wakimbizi wa Kisomali kaskazini mashariki mwa Kenya, kutia permethrini nguo na mablanketi ya watu kulipunguza maambukizi. Hilo lilichapishwa mwaka 2006.

Lakini tangu wakati huo mbu wamebadilika. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki mbu wa malaria wamekuwa sugu kwa dawa za ukoo huu, na ndiyo sababu mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vinavyochanganya dawa zaidi ya moja. Sare yako bado ina dawa ya aina moja. Mbu sugu atatua na pengine atasumbuka kidogo, ila usidhani ataanguka.

Saa nazo zina neno. Mbu wa malaria hufanya kazi usiku. Wa dengue, yule mwenye miguu ya madoadoa meupe aliyeisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huuma mchana. Mlinzi wa usiku na kibarua wa bandarini hawahitaji ushauri mmoja. Kwa mlinzi, au mkulima wa mpunga anayelala kibandani bonde la Kilombero, sisi husema: mikono mirefu, soksi nzito, dawa ya kupaka usoni na mikononi, na chandarua zamu ikiisha.

Taasisi ya Afya Ifakara imejaribu kitu cha kuvutia zaidi kwa watu hawa: kandambili zenye kanda za gunia lililotiwa transfluthrini, dawa inayopaa hewani yenyewe bila moto. Mbu wengi huwinda vifundo vya miguu, kwa hiyo wazo lina akili. Likifika dukani tutaliuza kwa furaha.

Nifueje?

Maji baridi, sabuni ya kawaida, mikono mepesi. Usitie Jiki. Usiilowekee usiku kucha. Usiipeleke kwa dobi wa kufua kwa kemikali, kwa sababu kimiminika chao huondoa dawa yote kwa mpigo mmoja. Ile hesabu ya mara 70 ilipatikana kwenye mashine. Mtu anayefikicha kola kwenye jiwe kwa sabuni ya mche asiitegemee, ahesabu nusu yake. Kama shati halijachafuka, lianike lipigwe upepo, ulivae tena.

Ifue peke yake, mbali na nepi na nguo za ndani.

Maji ya kufulia usiyamwage mtoni, ziwani wala kwenye bwawa la samaki. Permethrini ni sumu kali kwa samaki hata ikiwa kidogo mno. Yamwage kwenye ardhi kavu, mbali na kisima.

Nimeambiwa nianike kivulini. Kwetu nguo za kivulini zinaleta funza.

Uko sahihi, na waliokuambia walisoma maelekezo yaliyoandikwa nchi za baridi. Yuko inzi anayeitwa inzi wa tumbu ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Ukivaa, kiluwiluwi kinatoboa ngozi na kukaa humo kama jipu lenye tundu. Mahali pake ni kiunoni, mgongoni, na penye mapindo.

Jua nalo hula dawa, ila polepole. Tunachoshauri: geuza nguo ndani nje, anika juani, na mara tu ikikauka ianue. Usiiache kwenye kamba hadi jioni. Ukiwa na baraza lenye wavu, anika humo. Msimu wa mvua ukikulazimisha kuanika kivulini, piga pasi, hasa mapindo na kiuno. Pasi itapunguza dawa kidogo, tunajua, lakini kati ya dawa kupungua na funza mgongoni uamuzi si mgumu.

Nina dawa ya kuogeshea ng'ombe nyumbani. Naweza kuchovya nguo humo?

Hapana, na tunaomba usome jibu lote. Tunalipata swali hili kila mwezi, na anayeuliza si mjinga: amesoma kopo akaona saipamethrini, akajua ni ndugu ya permethrini.

Tofauti iko kwenye mambo matatu. Kwanza, dawa za josho zina viyeyusho vilivyokusudiwa ngozi nene yenye manyoya. Kwenye jasho la binadamu huwasha na kuunguza, na usoni huleta ganzi na kuchomwachomwa kwa saa kadhaa. Pili, si zote ni za ukoo huo. Kopo la jirani linaweza kuwa amitrazi, ambayo inamlewesha mtu na kumshusha mapigo ya moyo. Tatu, kipimo: hakuna aliyepima ni kiasi gani kibaki kwenye shati.

Zamani tulikuwa tunachovya vyandarua kwenye beseni kwa dawa ya pakiti, na watu wa rika letu wanakumbuka. Dawa ile ilipimwa kwa chandarua, kitu kinachoning'inia juu yako. Shati linakusugua kwapani kutwa nzima. Na kushona shati kwa chandarua cha zamani, kwa wale wanaotuletea, hatufanyi.

Basi nataka kupulizia mwenyewe. Nifuate nini?

Nunua ya asilimia 0.5 iliyoandikwa kuwa ni ya nguo, yenye usajili wa mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya. Toka nje siku isiyo na upepo mkali. Vaa glavu, funika pua. Tundika nguo kwenye kamba, usiipulizie ikiwa mwilini. Pulizia hadi kitambaa kibadilike rangi kidogo kwa unyevu, mbele na nyuma, ukirudia kwenye pindo la suruali, mikono, kola na mistari ya mshono. Iache ikauke kabisa, saa mbili hadi nne au zaidi kukiwa na unyevunyevu, ndipo uivae. Usipulizie chupi, singlendi wala sehemu ya kofia inayogusa paji la uso. Andika tarehe kwa kalamu ya wino ndani ya kiuno, la sivyo hutakumbuka.

Ni salama kwa mwili?

Dawa yenyewe ni ile ile inayotumika hospitalini kwa upele wa kuwasha, tena kwenye krimu ya asilimia 5, na kwa chawa. Ngozi ya binadamu huinyonya kidogo sana, na mwili huivunja na kuitoa kwenye mkojo. Mkojo wa wanaovaa sare hizi kila siku huonyesha mabaki zaidi ya wasiovaa, kwa hiyo si kweli kwamba haiingii kabisa. Mamlaka za Marekani zimeipima na kuruhusu nguo hizo hata kwa wajawazito na watoto. Sisi tunaongeza akili ya nyumbani: ukifika, vua sare, oga, usilale nayo na usimlaze mtoto mchanga juu ya shati la kazi. Mwenye vidonda au ngozi inayowashwa kirahisi aanze na soksi na suruali.

Anayekufa ni paka. Ini lake haliwezi kuivunja dawa hii, na nguo mbichi ikimgusa inaweza kumuua. Mbwa wa kuwindia hana shida na nguo iliyokauka.

Mimi narina asali. Nivae?

Usivae ukifungua mizinga. Permethrini inaua nyuki. Tunajua hili linakuweka pagumu, maana misitu ya miyombo yenye asali nzuri ndiyo yenye mbung'o wengi, na ukirudi pande za Sikonge au Urambo unaumwa njia nzima. Lakini kumbuka tulichosema: kwa mbung'o dawa haikusaidii sana. Kitambaa kizito, kipana, cha rangi ya mwanga kinafaa kwa mbung'o na kwa nyuki pia. Sare ya mrina asali tunaishona hivyo, bila dawa.

Niko Unguja. Nahitaji kitambaa kizito hicho?

Kwa mbung'o, hapana. Unguja walikwisha: madume waliotasishwa walizalishwa Tanga wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, na mwaka 1997 ikatangazwa kwamba hakuna tena. Shona kitambaa chepesi, upigane na mbu tu.

Dawa ya kupaka ngozi bado inahitajika?

Ndiyo: usoni, shingoni, mikononi, kwenye vifundo. Yenye DEET, kemikali ya kufukuza wadudu, ya asilimia 20 hadi 30 inakupa saa kadhaa. Ila DEET huyeyusha plastiki na vanishi, kwa hiyo futa viganja kabla hujashika darubini, miwani, saa au kitako cha bunduki. Mwindaji mwenye vifaa vya bei atumie ikaridini, dawa nyingine ya kupaka, haina tabia hiyo. Ukipaka na mafuta ya kuzuia jua, ya jua yatangulie.

Mchaichai, kivumbasi, muarubaini?

Vinasaidia kwa muda mfupi. Kwa kukaa barazani jioni, sawa. Kwa doria ya kutwa utakuwa unapaka kila saa. Dizeli na mafuta ya taa acha kabisa.

Mnyama hatanusa?

Ikikauka haina harufu ambayo mtu anaisikia. Sabuni yenye manukato ndiyo itakayokusaliti kwanza.

Nyoka? Siafu?

Hapana kwa nyoka, vaa buti ndefu. Siafu wanaweza kusumbuliwa nayo, lakini ukisimama kwenye njia yao hakuna nguo itakayokuokoa, sogea.

Nani anunue, mimi au mwajiri?

Mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtaka ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga na hatari za kazi bila kumkata mshahara, na kwa askari wa doria kuumwa na kupe na mbung'o ni hatari ya kazi. Mwombe jozi mbili angalau, moja mwilini na nyingine kwenye kamba. Kama kambi ina watu wengi, ni afadhali sare zitiwe dawa kwa tarehe moja, ili storkipa ajue lini za kurudiwa.

Ikichakaa niifanyie nini?

Usiikate kuwa kitambaa cha jikoni, nepi au kanzu ya mtoto, na usiwashie moto wa kupikia. Inafaa kufutia matope kwenye gari. Nyingine tuletee: vifungo, zipu na vishikio vya mkanda tunavitoa na kukupunguzia bei ya suruali mpya.